Odi! kutoka ndani ya redio

Nyumbani kwetu Makomeno, Lubumbashi, mama aliwahi kumkaribisha mtu asiyekuwepo. Alikuwa uani akisonga bukari, ugali wetu, redio ikiwa dirishani, na sauti ya mwanamume ikasema, "Odi!" Ilisemwa jinsi mgeni anavyosema akiwa bado langoni, kichwa amekiinamisha kidogo, hajui kama mbwa amefungwa. Mama akajibu, "Karibu, muingie," huku akifuta mkono mmoja kwenye kitenge. Nusu pumzi baada yake, mwanamke aliyekuwa ndani ya redio akajibu maneno yale yale. Tulicheka mpaka bukari ikashika chini ya sufuria. Mama hakucheka. Alisema tu: "Aba bantu banajua kazi."

Kazi ni neno zito Lubumbashi. Mji ulianza 1910 kwa ajili yake. Union Minière du Haut-Katanga iliwaleta watu kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, ikawapa nyumba, poso na honi ya kuwaamsha. Kwetu mtu akisema "eko ku kazi", hakuna anayeuliza kazi gani. Ni ile yenye kadi, zamu na msimamizi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekaa na wafanyakazi wa migodi huku Katanga miaka ya 1960, aliuona uzito wa neno hilo hata akaliandikia makala nzima mwaka 1973. Kwa hiyo mama aliposema watu wa redio wanajua kazi, aliwapandisha cheo. Aliwaweka benchi moja na mtu wa tanuru na dereva wa treni.

Watu hao walikuwa Kikundi cha Mufwankolo. Redio yenyewe iliitwa La Voix du Zaïre, Sauti ya Zaire, kituo cha Lubumbashi. Jina hilo la kituo limekufa. Mji ulipotekwa na wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila mwezi wa Aprili 1997, na Kinshasa mwezi uliofuata, Zaire iliondoka na sauti yake, na redio ya serikali ikaanza kuitwa RTNC.

Lubumbashi imezoea kuzika majina ya redio. Kabla ya uhuru, mji ukiitwa bado Élisabethville, mapadri Wasalesiani wa Collège Saint-François de Sales walikuwa na redio yao, Radio Collège. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alizungumza redioni kutangaza kwamba jimbo letu la Katanga limejitenga na Kongo, na kuanzia hapo Radio Katanga ikawa sauti ya dola ambayo hakuna nchi iliyokubali kuitambua. Alfajiri ya 13 Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini kwa nguvu, na miongoni mwa vitu vya kwanza walivyoviteka ni posta na redio. Usiku mmoja wa siku zile, msafara wa askari wa Ireland ulivamiwa karibu na Radio Collège. Koplo Michael Nolan na askari Patrick Mullins waliuawa, na mwili wa Mullins haujapatikana mpaka leo. Conor Cruise O'Brien, mjumbe wa Umoja wa Mataifa mjini, alikuwa ameshatangaza kwamba kujitenga kumekwisha. Kukaendelea hadi Januari 1963.

Ningeweza kuendelea hivyo: nani aliteka antena, nani akabandika kibao kipya mlangoni. Hiyo ndiyo historia ya vituo inayoandikwa mara nyingi, na ni historia ya walinzi wa mlangoni. Mimi nataka kuingia studio.

Lakini kwanza tupite kwa jirani, maana sikio la watu wetu halikufunzwa na Élisabethville peke yake. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka, Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, alikuwa ameshawashawishi watu wa kampuni ya Ever Ready watengeneze redio ya betri ambayo mfanyakazi wa kawaida angeweza kuinunua. Mfano wa kwanza ulijengwa ndani ya sufuria ya alumini, na jina likabaki: redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, betri mbali. Studio za Lusaka zilikuwa zikiweka hewani nyimbo, mafumbo na michezo kwa lugha za wenyeji, Kibemba kikiwemo, na Kibemba hakisimami kwenye kizuizi cha forodha. Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika studio zile, aliandika kitabu chake mwaka 1959 na kukipa jina ambalo wasikilizaji walikuwa wamelitunga wenyewe kutokana na neno la Kiingereza la redio: Wayaleshi. Nampenda sana huyo asiyejulikana aliyelibatiza neno la wageni mpaka likasikika kama jina la shangazi.

Sasa studio. Mufwankolo, kwa jina la nyumbani Odilon Kyembe Kaswili, alikulia katika ule mji wa baada ya Vita vya Pili ambapo vijana walikuwa wakichekesha watu kwenye mikutano ya skauti na kumbi za mitaa. Komini ya Kenya (ile yetu, si nchi ya Nairobi) ilikuwa na Jecoke, yaani Jeunes Comiques de la Kenya, jina linalokueleza kila kitu kuhusu umri wao na nia yao. Kutoka kwenye kuchekesha jukwaani hadi kuchekesha redioni kunaonekana kama hatua moja tu. Ni mto mpana. Jukwaani una tumbo, una kofia, una mwendo wa kulegeza goti. Redioni vyote hivyo vinabaki nje na viatu.

Jambo la kwanza la kustaajabia: hawakuandika. Kikundi hiki kilitunga michezo pasipo karatasi. Walikaa, wakachagua jambo, wakabishana juu yake, wakagawana watu: wewe mume, wewe shemeji, wewe jirani mwenye mdomo. Wakakubaliana mambo yatakayotokea na kwa mfuatano gani. Maneno yenyewe yalizaliwa wakati wa kusemwa. Mtu asiyejua anaweza kudhani huo ni uvivu, au ukosefu wa kusoma. Ni kinyume chake kabisa. Aliye na karatasi anahitaji kukumbuka sehemu yake tu. Asiye nayo lazima akumbuke mchezo mzima, ajue kila mwenzake yuko wapi katika hasira yake, na amwachie nafasi ya kuingia. Ni kama kubeba kitanda watu sita kupitia mlango mwembamba: hakuna anayetoa amri, kila mmoja anasikiliza mkono wa mwingine.

Jambo la pili ni mikro. Tuseme mchezo unaanza hivi; huu nautunga mimi, kwa kuonyesha tu.

– Odi!

– Karibu, muingie.

– Mama, baba eko?

– Ayiko. Alienda ku kazi.

– Ku kazi? Na leo njo siku ya Mungu?

Kisha kimya.

Mistari mitano. Tumeshajua ni Jumapili, mume amedanganya, na mke anajua kwamba amedanganywa. Lakini tazama kilichofanyika kwa miili. Aliyesema "Odi" alisimama hatua mbili au tatu nyuma ya mikro, labda akageuza uso pembeni. Kwa swali la pili amekwisha kusogea. Mke hajatoka mahali pake tangu mwanzo. Hilo ndilo jambo ambalo msikilizaji hulijua bila kujua kwamba analijua: nyumba ni pale mikro ilipo. Kwa hiyo wewe uliyekaa Makomeno umeketi chumbani pamoja na mwanamke huyu, na mgeni anawajia nyote wawili. Ndiyo maana mama alijibu. Hakupoteza akili, alikuwa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba mtu akibisha hodi anajibiwa.

Na kile kimya. Watangazaji wanakiogopa kama moto, kwa kuwa msikilizaji anaweza kudhani betri zimekwisha. Kwetu zilikuwa zikianikwa juani ili zivute siku mbili zaidi, na hofu hiyo haikuwa mzaha. Mwigizaji wa redio anajua ni kiasi gani cha kimya kinavumilika. Nusu pumzi ni kutafuta neno. Pumzi nzima ni aibu. Pumzi mbili, mtu dirishani ananyoosha mkono kugonga redio. Kati ya moja na mbili ndipo yule mke anapoishi, na hapo ndipo anapotutia huruma kabla hajasema chochote.

Mlevi naye. Chipukizi hucheza mlevi kwa kuvuruga maneno. Mkongwe humcheza mlevi kwa kusema vizuri kupita kiasi: kila silabi inawekwa chini kwa uangalifu, kama mtu anayepanga mayai, kwa sababu mlevi wa kweli anayerudi kwa mkewe hujitahidi kuonekana mzima. Utelezi unatokea mara moja tu, kwenye neno dogo. Ukitokea mara mbili, ni mchekeshaji. Mara moja, ni baba yako mdogo.

Halafu lugha. Msomaji wa Zanzibar au Dar es Salaam akisikia Kiswahili chetu kwa mara ya kwanza hudhani kimepata ajali. Watu ni bantu, kitu ni kintu, "tu" yetu ni "paka", "ndiyo" ya mkazo ni "njo", na herufi h tunaidondosha njiani bila kugeuka nyuma. Kiswahili hiki kilikua mgodini na kambini, kikinyonya Kiluba, Kibemba, Kisanga, Kihemba na Kifaransa cha ofisini. Kwa mwigizaji, kila moja ya lugha hizo ni nguo ya kuvaa. Karani anaingia na Kifaransa chake kilichopigwa pasi, anakitoa mbele ya wadogo, na kinampasukia mgongoni pale anapokasirika. Mjomba aliyetoka kijijini juzi anavuta irabu mpaka unauona mfuko wake wa unga. Bibi akianza kwa Kiswahili na kumalizia kwa lugha ya mama yake, hakuna haja ya kutuambia kwamba mazungumzo sasa yamekuwa ya ndani. Majina yenyewe ya jukwaani yalikuwa nusu ya kazi: Kachelewa, Bwana Cheko, Bibi Kawa. Ukisikia Kachelewa anaitwa, umeshaanza kumsubiri.

Watu walisema ovyo pamoja, kwa kupandana, kama nyumbani. Kelele hiyo ilikuwa na mipango. Katika kelele ya sauti nne, msikilizaji lazima alisikie neno moja, lile lenye mchezo; wanaojua kazi hulifungulia njia neno hilo, wengine wakishusha sauti kidogo sana bila kunyamaza. Fundi wa mitambo hakuweza kuwasaidia. Utepe wa siku hizo ulikimbia sentimita 19 kwa sekunde katika mashine nyingi za studio, kwa hiyo nusu sekunde ya kimya ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 10: ungeweza kuishika kati ya vidole, ukaikata kwa wembe, ukaunga ncha kwa utepe wa gundi. Mkato ulikuwa wa mshazari. Ukikata wima, kiungo kinagonga; ukikata mshazari, sauti inateleza kuingia nyingine. Kazi safi, na mafundi hao pia wangestahili makala yao. Lakini wembe unakata mahali ambapo mtu mmoja amemaliza na mwingine hajaanza. Mahali ambapo sauti nne zimesukana hakuna pa kuupitisha. Waigizaji walipaswa kupatia, na kama hawakupatia, kurudia yote tangu odi.

Haya siyasemi kwa mapenzi tu. Kuna aliyekaa akawatazama wakifanya. Fabian alirudi Lubumbashi mwaka 1986. Mezani, mbele ya firigisi ya kuku, alisikia msemo kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Akawapelekea waigizaji wa Mufwankolo swali: msemo huu maana yake nini? Profesa mwingine angepata jibu la dakika tano. Hawa walijadiliana, hawakuridhika, wakaamua kumjibu kwa mchezo. Fabian akawarekodi tangu mazungumzo ya kwanza, kugawana sehemu, mazoezi moja baada ya jingine, mpaka mchezo ulipochezwa hadharani katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, mbele ya kamera za televisheni. Habari ya chifu ambaye watu wake wamemlegea, kijiji kikaharibika. Wakati huo nchi ilikuwa na mtu mmoja aliyekuwa ameula utawala mzima kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mtu Kawama alijua kuhesabu. Kitabu kilichotoka 1990, Power and Performance, kina maneno ya Kiswahili ya mchezo huo na ya mazoezi yake. Ukiyasoma mazoezi unaona kitu kizuri kuliko mchezo wenyewe. Mazungumzo yanayohusu jambo lile lile yanarudi siku baada ya siku, maneno hayafanani, na uzito unazidi kusogea mahali pake, kama mtu anayekalisha chungu juu ya mafiga matatu.

Miaka mitano kabla Fabian hajarudi, 1981, Walter Schicho wa Chuo Kikuu cha Vienna na Mbayabo Ndala walikuwa wametoa kitabu kinachoitwa kwa jina la kikundi chenyewe, Le Groupe Mufwankolo, michezo ikiwa imenakiliwa katika Kiswahili kama kilivyosemwa. Nawaheshimu sana watu waliokaa na vinasa sauti, wakarudisha utepe nyuma mara ishirini kwa ajili ya neno moja la Bibi Kawa. Kwa mwanaisimu ni hazina. Kwangu mimi niliyesikia, kusoma kurasa zile ni kama kuona viatu vya mtu mliyezoeana naye: umbo lipo, hata mahali kidole gumba kilipotoboa papo. Odi imeandikwa o-d-i. Umbali wa hatua tatu haukuandikika.

Televisheni iliwachukua pia, na watu wengi wa rika langu wanawakumbuka zaidi kwa sura. Nitasema jambo ambalo ndugu zangu hawalipendi: kioo kiliwapunguza. Redioni Mufwankolo alikuwa na sura ya baba mkubwa wa kila nyumba, na kila mtaa ulikuwa na hakika kwamba anayesemwa ni mtu wao. Alipoonekana, akawa Mufwankolo. Watu wakacheka zaidi na wakajibu kidogo.

Redio za wakati ule hazikuweka akiba. Utepe ulikuwa ghali, ukatumika tena na tena. Hata BBC kule London ilifuta vipindi ambavyo leo ingelipa kuvirudisha. Sisi wa majumbani tulifanya vivyo hivyo kwa kaseti. Kaka yangu mkubwa, Yaya, alirekodi mchezo mmoja kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio na kutuamuru tusipumue. Baadaye kaseti ile ikahitajika kwa kwaya ya parokia. Mwaka juzi nikaikuta ndani ya kopo la biskuti, jina la kwaya limeandikwa juu yake kwa kalamu nyekundu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa mtaani ambaye bado ana mashine inayozunguka. Akainusa kwanza, akaikaza kwa kalamu ya Bic, akaiweka.

Kwaya iliimba nyimbo zote hadi mwisho. Tukaendelea kukaa, kwa kuwa fundi alikuwa anatafuta bisibisi. Waimbaji walikuwa wamemaliza kabla ya upande wa kaseti kwisha, na pale kalamu yao ya sauti ilipoinuka, chini yake mchezo wa Yaya ulikuwa ungali umelala. Kiti kinaburutwa karibu kabisa na mikro. Mwanamke anapumua kwa pua, kama anayekunja nguo. Mbali, labda hatua nne, mwanamume anaimba wimbo wa kanisa polepole mno, akiweka kila silabi kwa uangalifu. Fundi akaacha kutafuta bisibisi. "Amelewa," akasema.

Mwanamke hakusema kitu. Nikahesabu: pumzi moja, na nusu ya pili. Kisha utepe ukaisha, mashine ikaruka.

Fundi akarudisha nyuma.